Baba mdogo alirudi na mashine kifuani: uzi kuhusu madhara yanayofuata upasuaji wa ubongo kwa wagonjwa wa kutetemeka

Mleta uzi, Mbeya

Wanajamvi, habari zenu. Baba mdogo wangu ni seremala mstaafu, anaishi Uyole, na huu ni mwaka wake wa 11 na ugonjwa wa Parkinson. Miaka miwili iliyopita ukoo ulichanga, shamba la parachichi likauzwa, akapelekwa India kupandikiziwa nyaya za umeme ndani ya ubongo. Alirudi akiwa ametulia mikono kiasi kwamba siku ya pili alijimiminia chai mwenyewe, kikombe kikajaa hadi ukingoni bila tone kuangukia kitambaa cha meza, na mama mdogo akainuka taratibu akaenda kulia jikoni. Kwa hiyo mtu asisome uzi huu akadhani nimekuja kuuponda upasuaji ule.

Nilichokuja kueleza ni yaliyofuata. Tulitumia miezi minane kutafuta nani atampasua, na hatukutumia hata nusu saa kuuliza nani ataiangalia mashine akisharudi nyumbani.

Mwezi wa saba baridi ya Uyole mnaijua. Mzee alikuwa akivaa kofia ya sufu tangu alfajiri hadi anapolala, na juu yake miwani. Nyuma ya sikio la kulia, mahali ambapo waya unaotoka kichwani huunganishwa na ule unaoshuka shingoni hadi kwenye betri, kuna kinundu kigumu chini ya ngozi. Kofia na mkono wa miwani vilikuwa vikisugua hapo hapo kila siku. Kikatokea kigaga kidogo kama punje ya choroko, mama mdogo akakipaka mafuta ya mgando. Baada ya wiki mbili foronya ikaonekana na doa la manjano lenye unyevu. Zahanati walisema ni jipu, wakasafisha, wakampa vidonge vya siku tano. Kidonda kikakauka, kikarudi, kikakauka tena. Mara ya nne kigaga kilipobanduka nilishika tochi ya simu mwenyewe, na ndani ya tundu lisilozidi ukucha wa kidole kidogo nikaona kitu laini, cheupe, kinachong'aa, ambacho hakikuwa mfupa. Kilikuwa ganda la kiungio cha nyaya.

Nilipopiga simu India, daktari aliniuliza maswali mawili tu, kisha akasema vidonge havitatosha. Bakteria wanapofika kwenye plastiki na chuma hujijengea utando na kujificha ndani yake. Kifaa chenyewe hakina mshipa wa damu wa kupeleka dawa, kwa hiyo juu panapona huku chini panaendelea kuoza, na njia iliyo wazi mbele ya maambukizi hayo ni waya unaoelekea ubongoni. Tulisafiri usiku kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, tukapita Kitonga mzee akiwa ameegemea bega langu kwa upande ule usio na kidonda. Madaktari walitoa betri na waya wa shingoni, wakaziacha elektrodi, yaani nyaya zinazotoa umeme zilizomo ubongoni, kwa matumaini kwamba maambukizi hayakuwa yamefika huko, na akachomwa dawa za mshipa kwa wiki kadhaa.

Wenye wagonjwa wa aina hii huku nyanda za juu, karibuni tuzungumze.

Mchangiaji, muuguzi, Iringa

Kamwene, ndugu mleta uzi, na poleni sana. Nimekusoma hadi mwisho, lakini sentensi yako kuhusu zahanati imenikaa vibaya, nami nitasema kwa heshima. Mgonjwa alipofika pale, nani aliwaambia wahudumu kwamba chini ya ile ngozi kuna waya? Mzee amevaa kofia, betri imefunikwa na shati, anaingia mwenye kidonda nyuma ya sikio. Mimi mwenyewe ningeandika jipu. Wagonjwa hawa hupewa kadi ya mashine yenye jina la kifaa, namba yake, tarehe ya kupandikizwa na maelezo ya vipimo vinavyoruhusiwa. Kadi hiyo mara nyingi inakaa kabatini pamoja na hati ya kiwanja, mahali ambapo haimsaidii mtu.

Kadi itembee na mgonjwa, na si kwa ajili ya vidonda tu. Akipelekwa kupimwa kwa MRI, ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, mhudumu lazima ajue aina ya kifaa, kwa sababu vingine vinaruhusiwa kwa masharti maalumu na vingine haviruhusiwi kabisa. Akifanyiwa upasuaji wa ngiri, daktari lazima ajue ili achague namna salama ya kutumia kifaa cha umeme cha kukaushia damu. Na hata kipimo cha moyo kinaweza kutoka na michirizi isiyosomeka kwa sababu ya mapigo ya mashine.

Kubwa kuliko yote ni diathemia, ile mashine ya kupasha joto misuli inayotumika katika baadhi ya vyumba vya tiba ya viungo. Nishati yake hufuata nyaya hadi kwenye ncha iliyo ubongoni na kuunguza ubongo wenyewe, haidhuru umepashwa joto kiuno au goti, na haidhuru kifaa alichopandikizwa mgonjwa kimezimwa. Watu wamekufa, na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilitoa onyo rasmi mwaka 2002. Wazee wetu wenye Parkinson ndio hao hao wenye viuno vinavyouma, kwa hiyo msidhani ni jambo la mbali.

Mleta uzi, Mbeya

Dada muuguzi, umenisahihisha na ninakubali. Kadi ilikuwa ndani ya sanduku la bati. Hatukuitoa hadi safari ya Dar es Salaam.

Kwa wanaouliza kwa ujumbe wa faragha mashine hii inafanyaje kazi, nitaeleza nilivyoelewa baada ya kukaa na madaktari, maana bila hilo madhara yake hayaeleweki. Waya mwembamba wa unene wa milimita moja na robo hivi hupitishwa kwenye tundu la fuvu hadi katikati kabisa ya ubongo, kwenye kiini kidogo kuliko harage. Betri iliyo chini ya mtulinga hupeleka mapigo madogo ya umeme, mara nyingi takribani 130 kwa sekunde, usiku na mchana. Mapigo hayo huvuruga ishara mbovu zinazosababisha kutetemeka na kukakamaa. Si jambo la majaribio tena: timu ya Alim Louis Benabid kule Grenoble, Ufaransa, iliianza njia hii mwaka 1987, na Marekani iliiruhusu kwa kutetemeka mwaka 1997 na kwa Parkinson mwaka 2002. Ugonjwa hauponi, unaendelea na safari yake chini kwa chini, ila dalili zinatulizwa.

Sasa madhara. Sisi tulikuwa tukiyaweka yote kwenye kapu moja na kuyaita "upasuaji umekataa", na hilo lilitupotezea muda, kwa sababu kuna shida zinazotokana na kisu, kuna zinazotokana na kifaa na kuna zinazotokana na umeme wenyewe, na kila moja ina mlango wake wa kubisha. Za kisu huja mapema. Damu kuvuja ndani ya ubongo ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa kuwa inaweza kuacha kiharusi. Huwapata mmoja hadi watatu hivi kati ya wagonjwa 100, na shinikizo la damu lisilodhibitiwa huongeza hatari hiyo. Wapo wanaopata degedege, na wapo wazee wanaochanganyikiwa kwa siku kadhaa. Baba mdogo aliniita kwa jina la marehemu babu kwa siku mbili, kisha akili ikarudi.

Za kifaa hazina haraka. Maambukizi huwapata takribani watano kwa 100, mengi ndani ya miezi ya mwanzo, ingawa ngozi inaweza kulika hata baada ya miaka, kama ilivyotutokea sisi. Waya unaweza kukatika kwa kuanguka au kwa kuvutwa mara kwa mara shingoni. Wapo pia wagonjwa wenye mazoea ya kuchezea betri chini ya ngozi kwa vidole, wakaigeuza na kuigeuza hadi nyaya zikajisokota na kung'oka. Madaktari wanaonya juu ya hili kwa uzito, nami nililicheka hadi nilipomwona baba mdogo akiipapasa betri yake kila anapotazama taarifa ya habari.

Mchangiaji, Njombe

Nashukuru kwa uzi huu. Mama yangu alipandikizwa mwaka jana, mikono imetulia vizuri, lakini sauti imezama na maneno yanagongana, hata wajukuu hawamwelewi tena kwenye simu. Ndugu wanasema ugonjwa umepanda. Je, ni ugonjwa au ni mashine?

Mleta uzi, Mbeya

Dada wa Njombe, inaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili, na ndiyo maana jambo hili linahitaji mtu mwenye kifaa cha kurekebishia, si mtu wa kubashiri. Parkinson yenyewe hudhoofisha sauti. Lakini umeme nao, ukisambaa nje ya pale unapotakiwa, hugusa njia za jirani zinazoendesha misuli ya mdomo na uso, na mgonjwa akaongea kama mwenye ulimi mzito. Dalili nyingine za umeme kuvuka mpaka ni uso au mkono kuvutwa, ganzi au kuwashwawashwa isiyoisha, macho kuona vitu viwiliviwili, na miguu kukosa mizani ilhali mikono imetulia.

Uzuri wa shida za aina hii ni kwamba nyingi zinaweza kupunguzwa bila kisu. Nguvu ya umeme hushushwa, au sehemu ya waya inayotoa umeme hubadilishwa, kwa kuwa ncha ya waya huwa na vituo kadhaa. Tatizo ni kwamba mara nyingine ukishusha umeme sauti inarudi na mtetemo nao unarudi, na hapo familia inapaswa kuchagua pamoja na mgonjwa. Mwulize mama mwenyewe anataka kipi. Baba mdogo, kwa mfano, alisema waziwazi kwamba afadhali kijiko kifike mdomoni kuliko kusikika kanisani.

Andikeni daftari: saa ya kumeza dawa, saa ambayo maneno huwa mazito zaidi, na tarehe mashine iliporekebishwa mara ya mwisho. Kama sauti ilizama siku chache baada ya umeme kuongezwa, daktari atakuwa na pa kuanzia.

Mchangiaji, Makambako

Nimesita kuandika haya kwa siku tatu. Mume wangu hatetemeki tena, lakini si mtu niliyeolewa naye. Miezi miwili baada ya upasuaji alianza kununua vitu visivyo na mpango, akalipa malipo ya awali ya pikipiki tatu kwa wiki moja, halali usiku, na nikimuuliza anacheka. Sasa amegeuka, anakaa tu akitazama ukuta, na juzi aliniambia kwamba ni bora angebaki kwenye meza ya upasuaji. Wakwe wanasema ni mambo ya kurogwa.

Mchangiaji, muuguzi, Iringa

Mama, pole, na nakuomba lile alilosema juzi ulichukulie kama dharura leo hii, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mpeleke hospitali ya rufaa iliyo karibu, uwaambie kwa maneno hayo hayo aliyoyatamka, na asiachwe peke yake kwa sasa. Dawa za shambani na kamba viondolewe machoni.

Hajarogwa. Kile kiini kinachochochewa ni kidogo mno, na ndani yake njia za mwendo zinapakana na njia za hisia na maamuzi. Umeme ukiegemea upande huo, mtu mpole anaweza kuwa na furaha isiyo na breki, akatumia fedha, akacheza kamari, akawa na tamaa ya mwili kupita kawaida. Dawa za Parkinson nazo huweza kuleta mambo hayo hayo. Kwa upande wa pili, dawa zikipunguzwa haraka baada ya upasuaji, wapo wanaozama kwenye ubaridi na huzuni, na mwaka wa kwanza baada ya upasuaji ndio unaohitaji macho zaidi kuhusu mtu kujidhuru. Anapaswa kuonwa na daktari wa afya ya akili, na daktari aliyeweka mashine apigiwe simu siku hiyo hiyo, kwa sababu marekebisho ya umeme na ya dozi yanaweza kuwa sehemu kubwa ya tiba. Fedha za pikipiki zifuatilieni baadaye.

Mchangiaji, Makambako

Nimesoma. Shemeji anakuja na gari saa nane.

Mchangiaji, Tukuyu

Mimi najiuliza kwa nini watu wauze mashamba wakati mbegu za upupu zinatibu ugonjwa huu. Nimesikia hata wazungu wamezipima.

Mleta uzi, Mbeya

Kaka wa Tukuyu, umesikia sahihi kwa nusu. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, ambayo ndiyo dawa kuu ya Parkinson hospitalini, na zimefanyiwa utafiti wa kweli. Lakini kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na hakuna kile kiungo cha pili kinachowekwa kwenye vidonge ili kupunguza kichefuchefu na kuifikisha dawa ubongoni. Kwa mtu mwenye mashine hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu umeme na dozi vimepangwa kwa kutegemeana. Ukimwongezea upupu kwa siri, kesho mwili unaanza kujinyonganyonga wenyewe, na daktari anashusha umeme akidhani kosa ni la mashine. Kama mtu anautumia, amwambie daktari wake bila aibu.

Kuhusu mashamba, hoja yako naielewa. Upasuaji huu si wa kila mgonjwa. Huwafaa zaidi wale ambao levodopa bado inawasaidia lakini athari yake haidumu au inawaletea mwili kuchezacheza. Katika utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Hai, Kilimanjaro, wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kutambuliwa kuwa nayo. Mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge cha kwanza hapaswi kuanza kwa kuuza ekari.

Mchangiaji, Mafinga

Swali fupi: betri ya mzee ilikuwa ya kuchaji au ya kubadilisha? Huku kwetu umeme unakatika.

Mleta uzi, Mbeya

Ilikuwa ya kubadilisha. Zile hudumu takribani miaka mitatu hadi mitano kutegemea nguvu inayotumika, kisha kifua hufunguliwa tena, kwa gharama mpya na hatari mpya ya maambukizi. Za kuchaji hudumu miaka 15 au zaidi, lakini mgonjwa lazima akae na chaja mara kwa mara, na ni lazima kuwe na mtu nyumbani ambaye hatasahau. Kwa nyumba yenye umeme wa kusuasua ningetafuta pawabenki au sola inayokubaliwa na chaja hiyo kabla ya kusaini chochote, na swali hilo ningeliuliza kwa maandishi.

Betri kuzimika ghafla si jambo la kusubiri asubuhi. Dawa za wagonjwa wengi hupunguzwa baada ya kupandikizwa, kwa hiyo mashine ikizima wanabaki bila umeme na bila dozi ya kutosha. Sisi tuliliona Dar es Salaam betri ilipotolewa. Saa kumi jioni mzee alikuwa akiongea. Saa tatu usiku alikuwa amekakamaa kama ubao, hawezi kugeuka kitandani, mate yanamtoka, na macho yake yanatufuata tu. Madaktari walikuwa wamejiandaa, wakampandishia levodopa kwa mrija wa puani, na kufikia alfajiri aliweza kufunga kifungo kimoja cha shati. Nyumbani ingekuwa habari nyingine. Mgonjwa akikakamaa ghafla, akapata homa na kuchanganyikiwa baada ya mashine kuzima, huo ni mwendo wa hospitali usiku huo huo, na aliyepandikizwa kwa ajili ya distonia, ugonjwa wa misuli kujikaza na kujipinda yenyewe, naye hana usalama zaidi, kwa sababu mikazo ya mwili inaweza kuja mfululizo bila kuachia. Rimoti ya mgonjwa huonyesha kama mashine inawaka. Kila mtu mzima nyumbani ajifunze kuisoma.

Mchangiaji, Njombe

Na mzee anaendeleaje sasa?

Mleta uzi, Mbeya

Kidonda kimefunga, ngozi imebaki nyembamba na yenye rangi ya waridi, na kofia ya sufu tumeikata tukaishonea kitambaa laini cha pamba ndani. Vipimo vya damu havionyeshi maambukizi. Anameza levodopa mara sita kwa siku, mkono unatetemeka tena, na chai anamiminiwa nusu kikombe. Madaktari wa Dar es Salaam wamesema wasubiri miezi mitatu tangu dawa za mshipa zilipoisha ndipo waamue kama betri mpya itawekwa, safari hii pengine upande wa kushoto, kiungio kikipelekwa juu zaidi kichwani pasipoguswa na mkono wa miwani. Miezi hiyo inaisha katikati ya mwezi ujao. Safari hii mama mdogo ndiye aliyeandika maswali, kurasa mbili za daftari la shule, na la kwanza ni jina na namba ya simu ya atakayeirekebisha mashine akiwa hapa nchini.